Kwenda na Kurudi: Pikipiki ya Dada Koleta

Sababu ya safari yangu ilikuwa kabureta. Dada yangu Koleta, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Mwanza, alikuwa anaunda upya pikipiki ya Kiingereza ya zamani sana ili aikimbize, na ujumbe ulitufikia huku kisiwani, Nansio, kwamba amepata kila kitu isipokuwa hicho. Pikipiki ya marehemu baba, ya aina hiyohiyo, ilikuwa imelala kwenye banda la kuku. Nikafungua kabureta yake, nikaizungushia kitambaa. Mama alinitazama hadi nilipomaliza.

"Mpelekee," alisema. "Lakini mwambie ampe mtu mwingine aipande. Hilo ndilo nililokutuma."

Baba aliwahi kuanguka na pikipiki ile, akachechemea mpaka kufa kwake. Nikamwahidi mama kwamba nitamwambia. Hata hivyo nilikuwa na hamu ya kujua mwanamke mwenye watoto wa sekondari anatafuta nini kwenye mwendo kasi.

Melini nilikaa juu, kati ya magunia ya machungwa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kikerewe, alinusa hewa akauliza nimebeba nini kinachonuka petroli. Nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi. "Dada yako huyo ana mume?" Nikamjibu kwamba anaye, dereva wa malori. "Basi anamfukuzia," akasema.

Huko Mwanza, mtaani Nyakato, nilimkuta Koleta nyuma ya nyumba yake, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya kilemba. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimeuzwa, wengi wakapunguzwa, naye akafungua karakana yake ya mageti na madirisha. Katikati ya mageti hayo ilisimama pikipiki. Haikuwa na taa, wala madigadi ya kukinga tope, wala kiti cha kueleweka. Tangi lilikuwa jembamba kama samaki.

"Mbona umeipunguza hivi?"

"Kila nilichotoa kilikuwa kinabebwa bure," alisema, akiipokea kabureta kwa mikono miwili. Kisha akanitazama. "Mama amesemaje?"

Nikamwambia. Akaanza kuisafisha. "Hakuna mwingine anayeijua, Deo. Nikimpa mtu asiyeijua, ndiye atakayeumia."

Siku iliyofuata tulikwenda mtaa wa Mkuyuni kutafuta vipuri vya akiba. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, maduka yalijaa vitu vya Kijapani hadi barazani, lakini kwa pikipiki yetu hii kongwe hapakuwa na kitu. Ndipo nikaelewa kazi aliyoifanya: pistoni ilikuwa ya pampu ya maji, akaikerezesha hadi ikaingia kwenye silinda, mnyororo ulitoka kwenye mashine ya kiwandani. Nilimuuliza kama vitu vya makabila tofauti hivyo vitaelewana. "Vikipata moto tutajua," alisema.

Alichokuwa anakifuatia ni rekodi. Ng'ambo ya Magu kuna uwanja wa ndege ndogo ulioachwa, umenyooka, udongo wake mgumu. Enzi za ujana wake, Mzee Harji, mfanyabiashara wa pamba, alipita pale kwa pikipiki kwa kasi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyeifikia tangu hapo. Koleta alikuwa amemfuata nyumbani kumwomba awe mshika saa.

Tulitoka alfajiri kwa pikapu ya kukodi, pikipiki imefungwa kamba nyuma. Tulipofika Mzee Harji alikuwepo, kwenye kiti cha kukunja, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu ndiye mwenye kabureta?" Akanipa mkono, kisha akaizunguka pikipiki, akiinama kila hatua kama anayesoma.

Uwanjani palikuwa na ng'ombe. Mchungaji, Msukuma mrefu mwenye redio begani, alikataa kabisa kuwaondoa. "Wanalamba magadi. Wakimaliza, wataondoka wenyewe." Tukasubiri. Jua likapanda, na upepo wa ziwa ukaanza kuvuma, ukipita kwa urefu wa uwanja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Koleta aliokota majani makavu, akayaachia, akayatazama yanavyokwenda.

Koleta alikuwa amekubaliana na Mzee Harji kwamba atakwenda na kurudi kati ya mapipa mawili, na muda wa safari zote mbili utajumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Ng'ombe walipoondoka, akavaa helmeti, akalalia tangi. Mimi na mchungaji tuliisukuma hadi ikawaka.

Safari ya kwanza upepo ulikuwa mgongoni. Alilipita pipa la pili kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Mzee Harji aliitazama saa, akaitazama tena. "Amenipita," alisema kwa sauti ndogo.

Akageuza, sasa upepo ukiwa usoni. Safari hii nilimwona anakuja moja kwa moja kwetu, kichwa chini, na mlio ukawa mzito. Halafu ukabadilika, ukawa kama mtu anayekoroma. Gurudumu la nyuma likakwama, pikipiki ikayumba kulia, kushoto, vumbi likamfunika. Nilikimbia nikimwita mama.

Nilimkuta amesimama, mkono bado umebana klachi. "Imenoki," alisema. "Pistoni imeng'ang'ania."

Mzee Harji alifika akihema. "Binti yangu, nisikilize. Mimi sikurudi. Enzi zile nilikimbia upande mmoja tu, upepo mgongoni. Rekodi ni yako."

Koleta alivua helmeti. Nilidhani atalia. "Ahsante, mzee. Lakini tulikubaliana kwenda na kurudi."

Mzee alimtazama, kisha akairudisha saa kwenye sifuri mbele yetu.

Nilikaa Nyakato kumsaidia kufungua injini. Alinionyesha pistoni iliyochubuka, akaniambia aliusikia mlio ukibadilika, akaogopa, na mkono ukabana klachi, gurudumu likaachiwa, kabla hajafikiri. Ndipo nikajifunza nilichokwenda kukitafuta: nilidhani anayekwenda kasi huwa amesahau hatari, kumbe dada yangu alikuwa anaisikiliza hatari hiyo njia nzima.

Niliporudi Nansio nilimsimulia mama yote, bila kuficha kule kuyumba. Aliendelea kumenya mihogo. Nilingoja anigombeze.

"Huo upepo," aliuliza mwishowe, "unaanza saa ngapi?"

"Jua likishapanda."

"Basi mwambie akalale hukohuko uwanjani, awawahi ng'ombe na huo upepo."