Mkono Uliofuta Udongo wa Apendi

Apendi, mtoto wa mwanangu Oketcho, alizaliwa zeruzeru. Mama yake alimwangalia siku tatu akarudi kwao Lumino. Nikamlea mimi. Jirani aliyekuja kuniambia kwamba mtoto huyo hatafika miaka mitano nilimtoa uani kwa mwiko, ugali wa moto ungali umeushika mwiko.

Jua la Tororo halina adabu. Lilimchubua akiwa bado anatambaa, ndipo nikajifunza kumkinga kila asubuhi. Si kupaka ovyo. Unamwosha uso kwa maji baridi, bila sabuni. Halafu mafuta ya simsim, kidogo tu, ngozi iyanywe. Hapo unangoja. Nakoroga uji, uji unachemka, ndipo nashika udongo mweupe wa mtoni, niliousaga na kuuchuja kwa kitambaa, nampaka mzito. Ukiharakisha, udongo unateleza. Na mafuta peke yake juani, umemkaanga mtoto. Apendi naye hakai kimya. "Bibi, leo mimi ni ukuta wa nani?" Namwambia afunge mdomo, udongo utapasuka.

Hivyo akafika miaka kumi na miwili, bila kidonda, na shuleni yeye ndiye aliyeongoza kwaya.

Mwaka wa Uhuru wa Uganda, sitini na mbili, shule ilialika wakubwa, watoto wawaimbie uwanjani. Nilimpaka kama kawaida, akaenda. Saa tisa alirudi ameshikwa mkono na wenzake. Uso umevimba, malengelenge puani na mashavuni, macho hayafunguki. Ananukia gliserini.

"Nani amekuosha?"

"Mwalimu Peninah. Alisema wageni wasione matope. Akanipaka mafuta yake ning'ae."

Ang'ae! Jua la saa sita, zeruzeru, anang'aa kama sufuria!

Siku nne nilimkanda kwa maji baridi. Nikamwambia basi, shule imekwisha. Akanijibu jicho moja likiwa bado limefumba, "Bibi, nitarudi, hata ukinifunga na mbuzi." Ukaidi huo aliutoa wapi, sijui.

Basi nikaona kama ni kurudi, huko shuleni lazima awepo mtu anayejua. Asubuhi, kabla ya kengele, nikamshika Apendi, chupa ya simsim na bakuli la udongo, nikagonga mlango wa Mwalimu Peninah.

"Mama Oketcho, nisamehe," akasema. "Nilitaka apendeze."

"Apendeze kwa nani? Kufuta hukuuliza. Leo mkono uliofuta ndio utakaopaka."

"Mimi nina darasa, mama."

"Lingoje. Mimi nilingoja siku nne macho yafunguke."

Akachovya udongo kwanza. Nikampiga kofi mkononi. "Mafuta!" Akamimina kiganja kizima. "Punguza! Unakaanga samaki?" Apendi akacheka, nikamkemea naye. Mwalimu Eriya, wa nyumba ya pili, akatoka akaniambia kwa Kiswahili cha ofisini kwamba walimu hawapigwi. Nikamwambia alete na mkono wake.

Siku hiyo udongo ulichuruzika mpaka kwenye kola ya sare, kwa sababu mwalimu hakungoja. Nikamfuta Apendi, nikampaka upya mimi mwenyewe, mwalimu akiangalia. Kesho yake nikamrudisha Apendi kwake. Kesho kutwa pia. Watu wakasema kizee kimeshika mwalimu wa watu. Wacha waseme, uso haukuwa wao.

Ijumaa alipaka peke yake. Mimi nilisimama nimekunja mikono, natafuta kosa, nalitaka kosa. Mafuta kidogo. Akangoja, hata chai yake akanywa. Udongo ukashika vizuri.

"Na masikio?" nikasema.

Akachovya tena, akapaka nyuma ya masikio, polepole, sikio moja, halafu la pili. Kengele ikalia. Hakuinuka. Alikaa pale na Apendi mpaka udongo ukakauka, ndipo wakaenda darasani pamoja, wote wawili wamechelewa.

Sikumshukuru. Alama ya yale malengelenge puani kwa Apendi haikutoka. Nilichukua bakuli langu, nikapita mbele ya mlango wa Eriya bila salamu, na chupa ya simsim nikaiacha mezani kwa mwalimu.