Jina Ile Iko na Mwenyewe

Mimi ni mwalimu wa primer, shule ya msingi, hapa Bunia, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuita majina. Watu wanafikiri hiyo ni kazi ya mdomo tu. Wapi! Mji kama huu wetu, wenye makabila yote haya, ukiwa na masikio daftari linakueleza mambo ambayo wazazi hawatakueleza hata siku ya mkutano. Huyu amepewa jina la babu yake aliyekufa kabla hajazaliwa. Yule ana jina la njaa, maana alizaliwa mwaka mihogo ilipooza shambani. Mwingine mama yake alimzaa njiani, akienda sokoni na beseni la samaki kichwani, na njia ikawa jina. Hao wa njaa na wa njia wengi ni wa kwetu, Waalur wa Mahagi na wa kando ya ziwa. Kwetu jina ni habari. Langu mimi ni lawama kwa majirani: mama wa baba yangu aligombana na nyumba ya pili juu ya mbuzi, siku hiyohiyo nikazaliwa, basi nimebeba ugomvi ule miaka yote hii na mbuzi mwenyewe alishaliwa zamani.

Wanande, watu wa Butembo, hawako hivyo. Kwao jina ni hesabu. Mtoto wa kiume wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana nao wana safu yao. Hesabu inaanza upya kwa kila mama. Munande akisikia jina la mwenzake anajua palepale alizaliwa wa ngapi. Tulipokuwa wadogo Mahagi tulikuwa tunawacheka: hawa watu wanazaa watoto au wanapanga magunia dukani? Halafu, kwa vile Mungu naye anapenda mchezo, nikaolewa na Munande.

Bwana wangu ana duka dogo la misumari na bati huku mtaa wa Shari. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na hiyo ni bahati, maana mimi maneno ninayo ya watu wawili. Wazazi wake walibaki Butembo.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Hakuna aliyekaa kufikiri ataitwa nani. Mkunga alipomtoa tu, bwana wangu alimwita jina la mtoto wa kwanza, kama mtu anayemfungulia mlango mgeni aliyekuwa anamngoja. Mtoto alikuwa na masikio ya baba yake, yaleyale, yamekaa nje kidogo. Alikaa na sisi siku tisa. Siku ya nane homa ilimpanda, siku ya tisa asubuhi tukamzika.

Niliyoambiwa baadaye sitaki kuyarudia yote. Usilie, mama, mungali vijana. Tumbo ungali nalo. Hata hakujua kucheka bado. Mtu mmoja wa roho nzuri alikuja akachukua nguo zake na blanketi ili nisizione, na mwezi ulipoisha hakuna aliyemtaja tena, si kwa kina bwana, si kwa kina sisi, si kanisani. Nilikasirika sana. Wahenga wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sawa, lakini mzazi naye anapenda kuulizwa. Ningefurahi kama hata mtu mmoja angeniuliza alikuwa anafanana na nani. Nilikuwa na jibu tayari, masikio, na hakuna aliyelihitaji.

Nilianza na mimi kunyamaza. Watu wapya wakiniuliza kama nina watoto, nilisema bado.

Baada ya miaka miwili nikazaa tena. Mvua ilikuwa kubwa mpaka mkunga alikuwa anapiga kelele ndiyo nimsikie, na katikati ya kelele zile akatoka mtoto wa kiume mwingine. Mama yangu alipiga simu kutoka Mahagi kabla hata sijakunywa uji. Alikuwa na jina tayari. Kwetu mtoto anayefuata msiba anapewa jina la msiba: la kaburi, la machozi, la kifo chenyewe, ili kifo kijue kwamba tumekiona. Nilimkatia maneno. Nikamwambia, "Mama, mimi sitampeleka kilio masomo kila asubuhi. Nawaita watoto wa namna hiyo darasani, nawajua." Akasema sawa kwa sauti ya mtu asiyekubali, tukaagana.

Pale materinite, wodi ya wazazi, muuguzi alikuja na karata ya mtoto, ile kadi ya kliniki, akauliza jina. Bwana wangu akataja jina la mtoto wa kwanza. Jina lile lile. Muuguzi akaandika. Tulipobaki peke yetu bwana akanishika mkono, akasema, "Tuanze upya."

Alisema kwa upendo, ninajua. Na mimi nilifurahi. Lakini toka saa ile kuna kitu kilibaki kimekwama kwangu, kama mwiba wa samaki kooni, unameza mate nao upo, na huwezi kumwonyesha mtu.

Mama mkwe alifika mtoto akiwa na wiki mbili. Alitoka Butembo kwa njia ya Komanda, akiomba Mungu safari nzima kwa namna njia ile ilivyo, na aliposhuka hapa alikuwa na viazi, vitunguu vya majani na maharagwe ya kutosha harusi. Ni mama mfupi mwenye mikono ya kulima. Alimwogesha mtoto, akamkanda, akamwimbia kwa Kinande. Nilimpenda siku ile. Jioni nikamtajia jina la mjukuu wake.

Aliendelea kumfunga mtoto kwenye kitenge kana kwamba sijasema neno.

Siku tatu zilipita na jina lile halikutoka mdomoni mwake. Alimwita mutoto. Alimwita baba. Alimwita mugeni yetu. Nikasema moyoni: aha, ndiyo hii, mabibi wenzangu walinionya, mama mkwe wa Kinande hatamkubali mtoto wa Mualur. Nilianza kuhesabu makosa yake. Uji wake mzito, mlango anaacha wazi. Mtu akitafuta kosa halikosi.

Siku ya tatu tulikuwa uani tunatayarisha chakula cha mchana. Jirani yetu, mama mjane wa kabila la Wangiti wa Gety, tunayekaa naye parsele moja, yaani kiwanja kimoja, alipita na beseni la unga wa muhogo akainama kumtazama mtoto.

"Anafurahisha. Mulimupatia jina gani?" akauliza.

Mama mkwe akamjibu, "Hapana bado. Haina jina."

Ee, nilipasuka. Mimi na hasira zangu tunajuana, huwa nazishika, siku ile sikuzishika.

"Mama, mutoto iko na jina! Baba yake njo alimupatia, na muko naisikia kila siku. Kama haikufurahishe juu mama yake ni Mualur, sema tu. Sema mbele ya batu!"

Jirani alikumbuka ghafla kwamba ameacha maharagwe motoni. Aliondoka na beseni lake bila kuaga.

Mama mkwe aliweka kisu chini. Hakupandisha sauti, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, "Jina ile iko na mwenyewe."

Nikasimama pale na mwiko mkononi.

"Ulizala mara ngapi, binti yangu?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Jibu nililolizoea lilikuwa pale, bado, bado, na sasa huyu mmoja. Halikutoka. Nilitazama mtoto kwenye mkeka, nikatazama vitunguu.

"Mara mbili," nikasema.

Tangu tulipomzika ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno lile kwa sauti. Nikakaa chini hapohapo kwenye maganda ya viazi, na nikalia namna ambayo sikulia hata siku ya mazishi. Yeye hakuniambia nyamaza. Alisogeza chungu kisiungue, akaja akakaa karibu.

Nilipotulia aliuliza, "Bwana yako anaitwa nani?"

Nikamtajia jina la mwanawe, nikishangaa.

"Iyo ni ya wa ngapi?"

"Ya wa tatu."

"Na bakubwa yake ulibaona bangapi?"

Ninaye shemeji mmoja mkubwa, fundi mbao Butembo, alikuja kwenye harusi yetu akacheza mpaka viatu vikaachana. "Moja," nikajibu. Mama mkwe alinitazama tu, akingoja, kama mimi ninavyomngoja mwanafunzi ubaoni wakati jibu liko mbele ya pua yake.

Nikahesabu. Wa kwanza, wa tatu.

Miaka minne nilikuwa namwita bwana wangu, asubuhi, mchana, kwa upendo, kwa makelele, na kila nilipomwita nilikuwa nasema kwamba kuna mtu mmoja hayupo. Mwalimu mzima! Mtu wa kujisifu kwamba anasoma daftari kwa masikio! Sikuwahi kuuliza. Niliona haya mbele ya mama yule kuliko nilivyoona haya maishani.

"Ile wa pili surua ilimubeba," akasema. "Alikuwa anasha kimbia, anasha niita. Batu baliniambia nisahau. Nikabaambia muzuri, nimesikia. Lakini kila nikiita bwana yako, niko naita na ile. Kuko mutu alisha kunikataza? Hakuna." Akachukua kisu chake akarudia vitunguu. "Sasa weye uko nataka kumupatia huyu jina ya mukubwa yake. Ile mwengine utamuita nani?"

Nilichukua vitunguu vingine nikakata naye.

Bwana wangu aliporudi kula, alikuta wanawake wawili wenye macho mekundu, akatazama vitunguu kwa matumaini. Mama yake hakumpa nafasi ya kukaa.

"Weye, nani alikufundisha kuiba jina ya mukubwa na kupatia mudogo?"

Aliinamisha kichwa kama mtoto wa masomo. "Nilitaka asilie tena, mama."

"Atalia. Kulia si ugonjwa. Lete mayi ya kunawa, ukule."

Alikula kidogo. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba amesimama na karata ya materinite mkononi. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba njia yake ya dukani inapita mbele ya mlango ambapo wanauza blanketi za watoto, na miaka hii miwili amekuwa akizunguka barabara ya nyuma ili asipite pale. Nilidhani ni mimi peke yangu. Tulikuwa tumefichana kilio kimoja katika nyumba ya vyumba viwili.

Nikamuuliza, "Alifanana na nani?"

Akashika sikio lake mwenyewe. Tukacheka, na tukalia tena kidogo, lakini kile kilio kilikuwa chepesi.

Kesho yake alikwenda komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu karatasi ya serikali ina nafasi tatu za jina. Ya kwanza tulimwandikia jina la mtoto wa kiume wa pili, kwa Kinande, kama inavyopaswa. Ya tatu ni ya ubatizo. Ile ya katikati nilimwachia mama yangu, nikampigia simu Mahagi nikamweleza habari yote, kwamba hawa watu wa kupanga magunia wanapanga hata wale ambao hawaonekani tena.

Mama akasema kwa Kialur kwamba, kama ni hivyo, jina la msiba halina kazi, maana upande wa baba wameshamkumbuka. Akauliza siku ile kulikuwa na nini. Nikamwambia mvua. "Basi ni mvua," akasema, na ndilo jina la kijana wangu la katikati. Mama mkwe alijifunza kulitamka jina lile la Kialur, anakosea mpaka leo, na mtoto anamcheka.

Mwezi wa tisa mwaka huu mtoto wa mvua ameanza masomo, katika shule hiihii ninayofundisha. Wanatukataza kufundisha watoto wetu wenyewe, kwa hiyo ameingia kwa mwalimu mgeni, Munande aliyehamia juzijuzi kutoka Beni, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Hanijui, hajui lolote la nyumba yangu. Siku ya pili alinikuta uani wakati wa mapumziko na daftari lake chini ya kwapa.

"Madamu, huyu ni mutoto yako?" akanionyesha jina kwa kalamu.

"Wangu," nikasema.

"Ah, kumbe ni wa pili." Akatabasamu, akafungua ukurasa mwingine, kalamu tayari. "Na mukubwa yake, iko mu darasa ya ngapi?"

Watoto walikuwa wanapiga kelele pale, mpira ukatupita miguuni. Sikuhitaji kufikiri. Hesabu nilikuwa nayo, ninayo kila mwezi wa tisa.

"Angekuwa mu ya tatu," nikamwambia.