Ilitangazwa Kanisani

Kazi yangu katika maktaba ya chuo pale Kitale ni kufundisha wanafunzi kutofautisha habari na uvumi. Nafungua tovuti ya maktaba, nawaonyesha pa kutafuta makala za watafiti, kisha nawauliza: hii imeandikwa na nani, na amejuaje? Muhula uliopita mwanafunzi mmoja kutoka Ndalu aliandika kuhusu mahindi, na penye chanzo akajaza, "Ilitangazwa kanisani." Ati chanzo! Nilimsema mpaka darasa zima likacheka.

Jumamosi hiyo nikaenda kwa mama, kule Bumula. Nikamkuta na sabuni ya unga ya kutosha kufua nguo za shule nzima. Viwavi walikuwa wameingia shambani, na Jumatatu angewamwagia povu. Nikauliza nani kamwambia. Ilitangazwa kanisani.

Jamani! Shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka mzima, na yeye anataka kulifua. Nilikasirika, tena niliogopa.

Nikafungua tovuti yetu kwenye simu, nikamsomea makala ya watafiti: sabuni kali huunguza majani, viwavi waokotwe kwa mkono mapema, wakizidi aitwe afisa wa kilimo. Mama alinisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wauza sufuria.

"Hiyo ni ya simu," akasema. "Simu hata mimi niko nayo."

Kesho yake nikamwahi mchungaji kabla ya ibada, nikamwomba nafasi kwenye matangazo. Nikasimama baada ya tangazo la harusi, nikasoma makala ile ile, neno kwa neno. Nilipofika sehemu ya walioiandika na walivyofanya majaribio, watu wakaanza kufungua vitabu vya nyimbo. Lakini mama ndiye aliyetangulia kusema amina.

Jumatatu alfajiri, kabla sijaondoka, tulikuwa shambani tukiokota viwavi. Jirani akapita na ndoo ya povu akielekea kwake. Mama akamsimamisha, akamwambia sabuni itamuunguzia mahindi. Jirani akataka kujua nani amesema.

Nikamkazia mama macho. Sema watafiti, mama. Sema tovuti. Basi hata sema binti yangu.

"Kwani jana hukuwa ibadani?" mama akamuuliza. "Ilitangazwa kanisani."

Jirani akamwaga povu lake kando ya njia, nami nikarudi Kitale kufundisha.