Mifupa ya Akika na Neno Homolojia

Jumanne nilipigiwa simu kuambiwa kwamba mwalimu wa bayolojia niliyefundisha naye Garissa, enzi za vita vya Wasomali wenzangu vya kujitenga, amefariki kwao bara. Alikuwa mbishi, mlaji na mkaidi, nami nilimpenda. Neno lake kuu lilikuwa homolojia. Wagiriki, alieleza, walikuwa na homos, yaani sawa, na logos, yaani uwiano. Wataalamu wa maumbile wakayaunganisha ili wavitaje viungo vyenye muundo mmoja ingawa kazi zake ni mbalimbali: mkono wa mtu, bawa la popo, mguu wa mbele wa mbuzi.

Vifaa vya kufundishia havikutufikia, maana malori yaliogopa mabomu ya barabarani. Alipokuja kula akika, karamu ya mbuzi aliyechinjiwa binti yangu mchanga, akaona mifupa ya mbuzi imetenganishwa kwenye maungo, mizima yote, akaiomba. Mama yangu akakataa katakata. Mifupa ya akika haivunjwi. Huzikwa ikiwa mizima, mtoto naye awe mzima. "Mwalimu, mfuba hii ikifunjika, mtoto nafunjika," alimwambia. "Wallahi, haitoki hapa." Basi kesho yake mwalimu akawaleta wanafunzi uani kwetu. Akaipanga mifupa mkekani, akaulaza mkono wake kando: mmoja juu, miwili chini, kisha ile midogo ya kifundo.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alitutia matatani kwanza. Wakati ule, mkusanyiko kwenye ua wa Msomali ulikuwa taabu ya kujitakia. Askari wa doria wakaingia. "Wote chini, mikono kichwani!" Mmoja akamgeukia mwalimu: "Wewe ni mtu wa kwetu. Simama kando." Mama hakuitazama bunduki, aliyatazama mabuti yakiukaribia mkeka. Mwalimu naye aliyaona. Akapiga magoti, akaikinga mifupa kwa mwili wake, mikono kichwani kama sisi. Akapigwa teke la mbavu, asisogee. Tulikaa juani hadi mwalimu mkuu alipokuja kututetea.

Jioni mama aliizika mifupa, yote mizima. Tangu siku hiyo alimwita mwalimu wiilkayga, mwanangu.

Homolojia haikumaliza vita, wala haikumtoa yeyote kizuizini. Lakini tofauti hujionyesha yenyewe. Hata mpumbavu huiona. Kufanana ndiko kunakotafutwa, na aliyekuona kufanana huko hana budi kukubali kupigwa teke pamoja na wenzake.