Tumbo la Kambale

Restituta wa Mofu haketi. Akiketi, magoti yake yaliyovimba hukaza, na kuinuka huwa vita. Kwa hiyo huzunguka uani tangu alfajiri, akigeuza samaki kwenye kichanja, akilitupia macho shamba lake la mpunga. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya kupandikiza, naye alikuwa ameapa kuingia majini mwenyewe.

Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba mafuta ya asili ya samaki, pamoja na dawa, huweza kuusaidia mwili kutuliza uvimbe, tena taratibu. Restituta akayeyusha mafuta ya kambale, akajipaka magotini. Paka wa mtaa mzima wakamfuata.

“Mama, mafuta hayo ni ya kula!” muuguzi alicheka alipomwona tena. “Goti halina mdomo.”

Shida ikahamia kwenye chakula. Nimekula katika nyumba za nchi nyingi, na karibu kila mahali mpishi hula mkia. Kwa Restituta pia tumbo la kambale, lenye mafuta, lilikuwa la mgeni. Na siku hiyo shemeji yake, Sylvanus, alikuwa amefika kutoka Malinyi na njaa yake.

Restituta alikizunguka chungu mara mbili. Kisha akajipakulia tumbo, akampa shemeji mkia.

“Shemeji, leo mimi ndiye mpishi?”

“Leo wewe ndiye mwenye magoti mazima. Kula.”

Restituta alikula amesimama, macho shambani. Magoti hayakupona siku ile, lakini wiki sita zilikuwepo, na kila tumbo la kambale lingekuwa lake.