Boti Yenye Kivuli

Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga sanduku. Ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Nilimleta Dodoma nilipohamishiwa kazi, na kwa miaka sita alivumilia vumbi bila neno. Juma lile alisema mara moja tu, huku akikunja khanga: "Baba watoto, shule zikifungwa naenda nyumbani na watoto. Sirudi." Nilijua hatanii. Nilichanganyikiwa.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila kitu mtumba: mashati, friji, hata boti. Pale bwawa la Hombolo mradi mmoja ulikuwa umefungwa, na mlinzi wake aliachiwa boti mbili aziuze. Zote zilikuwa majukwaa ya mbao juu ya mapipa sita yaliyolazwa. Nikaona hapo ndipo pa kuponea. Kila Jumapili ningempeleka mama watoto majini, acheke, asahau lile sanduku. Nikaifanya siri, ili japo mara moja nionekane mwanamume wa maana.

"Shikamoo mzee. Ipi nzima?"

"Marahaba. Mimi mtu wa ng'ombe, mwanangu. Chagua mwenyewe."

Nilichagua kama sisi wa nchi kavu tunavyochagua pipa la maji. Nilimimina maji ndani ya kila pipa hadi nusu, nikalala mchangani kuchungulia chini. Boti ya kwanza, isiyo na paa, ilidondosha matone kwenye pipa moja. Ya pili ilikuwa kavu kabisa, na juu ina paa la turubai. Kivuli! Nani Dodoma anakataa kivuli? Nikayamwaga maji, nikachukua ya pili. Nilijiona mjanja, mjinga mimi.

Jumapili nikawapeleka. Mke wangu alipoliona bwawa uso wake ulikunjuka. Mungu wangu, sikuwa nimeuona uso ule tangu mwaka wetu wa kwanza. Tukapanda na watoto wetu watatu, nikasukuma kwa mti mrefu. Hatukufika mbali, upande mmoja ukaanza kuzama. Migongo ya mapipa, ile iliyofichwa na mbao, ambako maji yangu ya nusu pipa hayakufika, ilikuwa imeliwa na kutu. Uzito wetu uliididimiza, maji yakaingia kwa fujo. Nilipiga mayowe, siwezi kuogelea. Yeye aliruka, maji yakamfika kifuani, akawatoa watoto mmoja mmoja, halafu akarudi kunichukua mimi.

Ukingoni, nguo zikimchuruzika, aliinama akaikagua ile boti ya kwanza.

"Hii ilitaka kiraka kimoja tu," alisema. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka nikushtukize."

"Nimezaliwa ziwani, baba watoto. Hata habari za maji hukuniuliza. Miaka sita hujaniuliza kitu."

Shule zilipofungwa niliwasindikiza stesheni, nikampokeza sanduku dirishani. Hapo ndipo nilipopata ulimi.

"Mwenzangu, wewe ungependa tuishi wapi?"

"Leo ndiyo unauliza?" alisema, akaanza kulia, na treni ikaondoka naye.