Nilipata MBA kwa Siri ya Fundi wa Kinu

Nianze na kosa lenyewe kabla sijapata upenyo wa kujitetea. Mzee mmoja aliniamini, akanipa siri yake, nami nikaiandika kwenye tasnifu ya MBA. Mimi nikapata shahada. Yeye akavuliwa heshima mbele za watu.

Wakati huo nilikuwa ofisa utumishi katika kinu cha unga hapa Sumbawanga, kinu cha umma. Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, mashirika yanauzwa moja baada ya jingine, na kila mwenye cheo ana wasiwasi. Mimi nilikimbilia shule. Niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Dar es Salaam kusomea uongozi wa biashara.

Darasani nilijiona mshamba. Wenzangu walitoka benki na bandarini, wamezoea kusimama na kuzungumza. Mimi nikifungua mdomo, lafudhi ya Kifipa inatangulia, wanatabasamu. Nikaapa kwamba tasnifu yangu itawanyamazisha.

Nikarudi nyumbani kufanya utafiti kuhusu wafanyakazi wa kinu. Mwalimu wangu alitaka nizungumze nao faragha, niwaahidi kwamba hawatajulikana. Niliwaahidi.

Ndipo nikamfikia fundi mkuu wa mitambo. Nitamwita Mzee Bonifasi, ingawa si jina lake. Mtu wa kijiji cha Mwimbi, mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani. Alikuwa anaweka kiganja kwenye ubavu wa mtambo, anasikiliza kidogo, kisha anakwambia beringi ipi imechoka. Nilipoajiriwa nikiwa msichana nisiyejua kitu, yeye ndiye aliyenitembeza kinu kizima akinieleza punje inavyogeuka unga.

Nilimuuliza angependa kusomeshwa nini kama kinu kingepata mwekezaji. Akainuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma," alisema. "Hata mke wangu hajui hilo. Nimekuambia wewe peke yako."

Alinieleza jinsi alivyoishi nalo. Taarifa za mitambo aliwaomba wenzake wamsomee, eti macho yamejaa vumbi la unga. Nyimbo za kwaya alizishika kwa kusikia tu, kitabu anakifungua pale jirani yake anapofungua. Sahihi yake alijifunza kuichora. Akaniuliza kama ningeweza kumfundisha taratibu, baada ya kazi. Nikasema ndiyo, nikimaliza shule.

Kumbe moyoni nilikuwa nashangilia! Nilikuwa nimepata mfano ambao hakuna mwenzangu angekuwa nao. Sura ya nne yote ikawa yeye. Jina sikuliandika. Niliandika "fundi mkuu wa mitambo, mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini". Sasa niambie, mafundi wakuu wa kinu kile walikuwa wangapi?

Tasnifu ilisifiwa. Mwalimu alisoma kipande chake mbele ya darasa, na wale waliokuwa wakitabasamu wakaja kunipa mkono.

Kinu kilipouzwa, meneja mpya alisikia kwamba nimeandika kuhusu wafanyakazi. Akaomba asome. Nilijua kilichomo. Nilikaa nayo siku mbili mezani. Siku ya tatu nikampelekea mwenyewe, kwa sababu nilikitaka cheo cha mkuu wa utumishi.

Wiki iliyofuata tuliitwa ukumbini wafanyakazi wote, asubuhi ya Juni yenye upepo wa kukata masikio. Meneja akasema kila mkuu wa idara atawasomea watu wake kanuni mpya. Akaanza na mitambo. Akamkabidhi Mzee Bonifasi karatasi.

Alisimama, akaishika kwa mikono miwili. Mimi nilikaa meza ya mbele, hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kuinuka na kusema nipe nikusomee, mzee. Neno dogo namna hiyo. Sikulisema. Niliogopa meneja angeona namkinga.

Mtu mmoja huko nyuma akacheka kidogo, akaacha. Mzee akainua macho, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha jambo, na nikaona amekwisha kuhakikisha.

Akaiweka ile karatasi mezani, mbele yangu, akatoka.

Barua ya kumwachisha kazi niliiandika mimi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika cheo kipya. Barua, kwa mtu asiyejua kusoma! Aliyemsomea ni mkewe, na hivyo ndivyo mama yule alivyojua.

Walirudi Mwimbi kulima mahindi na ulezi. Ilipita miaka kabla sijathubutu kwenda. Niliwakuta wanapukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Walinipa ugali wa ulezi na maharage. Nilipoanza kueleza kilichonileta, mzee alinikatiza kwa upole.

"Kula kwanza, mwanangu. Una safari."

Nilipomaliza kula aliinuka akaenda shambani, hakurudi. Mkewe ndiye aliyenisindikiza barabarani. Alisema mumewe ameacha kwaya. Jumapili anasali nje, karibu na mlango wa kanisa.

"Ningemsomea miaka yote ile," aliniambia. "Ila nilitaka nisikie kwake, si kwa barua yako."

Mzee alifariki kabla sijaenda tena.

Siku hizi naitwa kufundisha semina za uongozi, mikoa mbalimbali. Wananiita mtaalamu. Lakini kila ninapompa mshiriki karatasi asome kwa sauti, akichelewa kidogo tu, hata kama anakohoa, namwona Mzee Bonifasi na karatasi yake. Juzi nilimnyang'anya bwana mmoja karatasi nikaisoma mwenyewe, darasa zima likashangaa.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe unayeandaa utafiti au unayekimbizana na cheo: kufuta jina hakumfichi mtu. Ukiahidi kutunza siri, itunze hata mbele ya bosi, hata kama ndiyo inayoifanya kazi yako ing'ae. Na kama umeshakosea, usingoje kama nilivyongoja mimi. Nenda leo kwa uliyemkosea, angali hai, hata kama atakwambia ule kwanza.